Huduma ya kusajili betri mpya ya gari jijini Dodoma

Mwenye gari la kisasa la Ulaya anayebadilisha betri hapa Dodoma hulipia vitu viwili, hata kama risiti inataja kimoja: betri yenyewe, na kazi ya kuiarifu kompyuta ya gari kwamba betri ya zamani imeondoka na mpya imeingia. Kazi hiyo ya pili, ambayo mafundi wengine huiita kusajili na wengine kureseti betri, ndiyo ninayoitathmini hapa, kwa sababu ndiyo yenye ubabaishaji mwingi na ndiyo ambayo mteja hawezi kuikagua kwa macho. Betri mpya inaonekana, inashikika na imepigwa tarehe ya kutengenezwa. Usajili hauonekani mpaka mtu afungue ukurasa wake kwenye mashine. Nilihudumiwa na gereji moja iliyo upande wa Kizota, baada ya kuanzia kwenye duka la betri lililo jirani na Sabasaba na kuzungumza pia na fundi umeme anayewafuata wateja majumbani. Gereji hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Gari lenyewe ni BMW 320i ya toleo la F30, lililoingia nchini kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Betri yake haipo chini ya boneti bali kwenye buti, upande wa kulia, na kwenye kichwa chake cha hasi imefungwa sensa ndogo inayopima mkondo wa umeme unaoingia na kutoka, volti, pamoja na joto la betri. Taarifa hizo huenda kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta hiyo ndiyo inayoiamuru altaneta izalishe umeme kiasi gani na wakati gani. Hapo ndipo tofauti na magari tuliyoyazoea ilipo. Katika gari la zamani altaneta hutoa takriban volti 14 muda wote injini inapozunguka, haijali betri ina umri gani wala hali gani. Katika gari la namna hii altaneta hupumzishwa dereva anapokanyaga mafuta, hufanyishwa kazi kwa bidii anapoachia pedali au kushuka mteremko, na betri huachwa kwa makusudi bila kujazwa kabisa ili ibaki nafasi ya kupokea umeme wa bure unaopatikana gari linapopunguza mwendo.

Ili mpango huo ufanye kazi, kompyuta lazima ijue inashughulika na betri ya aina gani, yenye uwezo wa ampea-saa ngapi (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na iliyochakaa kwa kiasi gani. Umri wa betri inaukadiria kutokana na kumbukumbu inayojijengea kwa miaka. Betri ikibadilishwa bila taarifa, kumbukumbu ile hubaki palepale, na betri mpya hubebeshwa uzee wa mwenzake: itachajiwa kwa hesabu za betri iliyochoka, mfumo wa kuzima injini gari linaposimama kwenye taa hautafanya kazi ipasavyo, na vifaa vya starehe vinaweza kuzimwa mapema kwa hofu kwamba umeme hautatosha kuwasha gari kesho yake. Kusajili ni kufuta kumbukumbu hiyo, kuandika kilomita ambazo gari lilikuwa nazo siku ya kubadilisha, na kuanza hesabu upya. Ikiwa betri mpya ni ya aina au ukubwa tofauti na ile ya kiwandani, kunahitajika hatua ya ziada ya kubadilisha maelezo ya betri ndani ya kompyuta za gari, na hatua hiyo ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Niseme mapema, kwa kuwa wauzaji hutia chumvi, kwamba gari halitagoma kuwaka kwa sababu betri haikusajiliwa. Litawaka siku hiyohiyo, litakwenda Morogoro na kurudi, na mwenyewe anaweza kukaa miezi bila kuona dalili yoyote. Hasara yake ni ya polepole, nayo huonekana betri ambayo ingedumu miaka mingi inapokufa mapema na kila mtu kuilaumu chapa ya betri. Katika mji wenye jua kama Dodoma ni vigumu kumshawishi mtu vinginevyo, maana joto nalo hufupisha maisha ya betri, na sababu hizi mbili zikikutana hakuna anayejua ni ipi iliyoua.

Dalili za gari langu zilijitokeza kwa njia ambayo wenye magari ya Japani wataielewa. Onyo lilitokea kwenye skrini kwa Kijapani, mistari miwili ya maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyasoma, lakini pembeni kulikuwa na mchoro wa betri na huo hauhitaji mkalimani. Onyo lilizidi kila niliporudi kutoka safari. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wengi wetu tunaacha gari nyumbani tukienda Dar es Salaam, na gari lililoegeshwa halilali kabisa: kengele ya wizi, kipokezi cha ufunguo na kompyuta kadhaa huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Kiwango cha kawaida ni chini ya miliampea 50, ambacho kwa siku 10 kinafika ampea-saa 12 hivi. Betri nzima inastahimili hilo bila shida. Betri iliyochoka, tena isiyojazwa vizuri kwa sababu kompyuta ina hesabu zisizo zake, haistahimili.

Kwenye duka la Sabasaba nilipokelewa vizuri, na bei zao ni nafuu. Muuzaji alifungua buti, akatazama betri iliyomo, akaleta nyingine ya maji ya ampea-saa 70 inayofanana nayo, akasema angeifunga palepale kwenye kibaraza bila malipo ya ziada. Nilipouliza kuhusu kusajili alijibu kwamba gari lingeizoea lenyewe. Jibu hilo lina ukweli kwa baadhi ya magari, na nitayataja baadaye, lakini si kwa gari hili. Jambo jingine lililonifanya niondoke ni kwamba betri zilikuwa zimepangwa nje, safu ya mbele ikipigwa na jua la mchana, na alipoipima ile aliyotaka kuniuzia mita ilisoma volti 12.3. Betri ya maji iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6 au 12.7, na ile ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi badala ya kuwa maji matupu, husoma 12.8 au zaidi kidogo. Betri ya 12.3 ni mpya kwa jina, lakini imekwisha kuanza kuzeekea dukani.

Gereji ya Kizota ilianza kwa swali ambalo duka halikuuliza: betri iliyomo iliwekwa lini, na nani? Sikuwa na jibu, kwa kuwa nililinunua gari kutoka kwa mtu wa pili. Fundi alitoa kifuniko cha kwenye buti, akamulika kwa tochi ya simu, na hapo tukaona kazi iliyofanywa na aliyetangulia. Betri ya ampea-saa 70 ilikuwa imekaa kwenye kitako kilichotengenezwa kwa betri ndefu zaidi, na ili isicheze walikuwa wameibana kwa kipande cha ubao kilichokatwa kwa msumeno, bado kikiwa na alama ya penseli. Mpira mwembamba wa kutolea gesi nje ya gari ulikuwa unaning'inia bila kuunganishwa popote. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na kwa kuwa hapa betri iko ndani ya gari, mpira huo si wa mapambo. Nililiendesha gari hilo na watoto wakiwa kiti cha nyuma, na hata sasa nikikumbuka ule mpira ukining'inia sifurahi.

Kisha akachomeka waya kwenye tundu la chini ya dashibodi, akafungua programu ya ISTA, ambayo ni ya BMW wenyewe, kwenye kompyuta mpakato, na kuniita nitazame. Ukurasa wa historia ya betri ulionyesha kwamba usajili wa mwisho ulifanyika gari likiwa na kilomita 58,000 na kitu, yaani lingali Japani. Gari sasa lina zaidi ya 112,000. Kwa hesabu za kompyuta, ndani ya buti kulikuwa bado na betri ya AGM ya ampea-saa 90 iliyokwisha kupita umri wake, wakati betri hiyo pengine iliyeyushwa zamani na kuwa madini ya risasi ya betri nyingine. Tunaokaa mji wa watumishi wa umma tunaijua habari ya mtumishi hewa. Kompyuta ilikuwa inamlipa mtumishi hewa, na aliyekuwa kazini kwa kweli alikuwa hajulikani.

Kwa maoni yangu dakika zile chache ndizo zilizoitofautisha gereji hii na nyingine. Mtu yeyote mwenye mashine anaweza kubonyeza neno la kusajili. Aliyefungua kwanza historia, akalinganisha kilichoandikwa na kilichomo, ndiye aliyejua kwamba kubonyeza peke yake kusingetosha. Hawakuwa na AGM ya ampea-saa 90 siku ile, walikuwa nayo ya 80. Betri ya kipimo cha Ulaya ya ampea-saa 80 huwa na urefu wa milimita 315, na zile za 90 hadi 95 hufika 353, kwa hiyo kitako kililazimika kusogezwa na kibano kuhamishwa, jambo ambalo gari hili linaliruhusu bila kukata ubao. Uwezo wa 80 ni halali kwa gari la injini hii, lakini kompyuta ilipaswa kubadilishiwa maelezo kutoka 90 kwenda 80 kabla ya usajili. Fundi alinieleza hivyo bila kuulizwa, akaniachia nichague kati ya kusubiri ya 90 kutoka Dar es Salaam au kufunga ya 80 na kulipia mabadiliko hayo. Nilichagua ya 80.

Kazi ya kubadilisha niliisimamia kwa karibu, na sehemu kubwa niliipenda. Gari lilizimwa, ufunguo ukapelekwa mbali, na tukasubiri kompyuta zilale kabla ya spana kugusa chochote. Kichwa cha hasi kilifunguliwa kwanza kwa spana namba 10, kikavutwa taratibu kwa vidole, maana sensa iliyo juu yake huvunjika kwa urahisi mtu anapoingiza bisibisi chini yake na kubinua. Chanya kilifuata. Wakati wa kufunga mpangilio ukawa kinyume chake, mpira wa gesi ukaunganishwa, na kile kipande cha ubao nikakabidhiwa kama kumbukumbu. Kabla ya kuanza kubadilisha maelezo waliunganisha chaja ya kushikilia volti kwenye vichwa vya kuchajia vilivyo chini ya boneti, kwa kuwa volti zikianguka katikati ya kuandika taarifa, kompyuta inaweza kuharibika na gharama yake ikaizidi bei ya betri mara kadhaa. Umeme ulikatika mara moja mtaa mzima. Jenereta ikawashwa, na fundi hakuanza hatua ile mpaka aliporidhika kwamba imetulia. Uvumilivu wa namna hiyo ni adimu.

Usajili wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko kunywa soda. Baada ya hapo taa za onyo za breki za ABS na za usukani zilikuwa zinawaka kwenye dashibodi, na hilo lisimshtue mtu. Usukani uligeuzwa mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, zikazimika. Vioo vya madirisha navyo vilifundishwa upya kupanda kwa mguso mmoja. Nilipoomba, fundi alifungua tena ukurasa wa historia: mstari mpya ulikuwepo, wenye kilomita za siku ile, aina ya AGM na ampea-saa 80.

Kuhusu bei, betri ilikuwa shilingi 620,000, kusajili 50,000, na kubadilisha maelezo ya ukubwa 40,000. Betri ya zamani waliichukua na kukata 30,000 kwenye jumla. Duka la Sabasaba lingenigharimu chini ya nusu ya fedha hizo, na sidhani kwamba gereji ya Kizota ni ghali kwa dhuluma. AGM ni betri ya bei, kwa sababu asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo zilizobanwa kati ya bamba na bamba, na imetengenezwa kuvumilia kushuka na kupanda kwa chaji kila siku. Kuweka betri ya kawaida ya maji kwenye gari linalojizima na kujiwasha kila mara ni kuipa kazi isiyoiweza. Ninacholalamikia ni kwamba bei ya kusajili na ile ya kubadilisha maelezo hazikuandikwa mahali popote, na sauti ya mhasibu alipozitaja ilikuwa ya mtu anayepima uso wa mteja kwanza. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ilitoka baada ya kuombwa. Haikupaswa kuombwa.

Lawama nyingine ni tatu. Ya kwanza, betri waliyonipa ilisoma volti 12.5 ilipotolewa stoo, ambazo kwa AGM ni chache, na walikubali kuichaji kwanza baada ya mimi kusisitiza. Ilichukua saa nyingi. Wangekuwa wameniambia kwenye simu nilipouliza asubuhi, nisingeyamaliza mapumziko yangu ya Jumamosi kwenye benchi lisilo na kivuli huku vumbi la barabarani likinipitia. Ya pili, hawatoi ripoti ya maandishi. Nilipiga picha skrini kwa simu yangu, na hiyo ndiyo hati pekee niliyo nayo kwamba kazi imefanyika. Kwa gereji inayotoza shilingi 90,000 kwa kazi isiyoonekana, kuchapa karatasi moja yenye namba ya gari, kilomita, aina na ukubwa wa betri ni wajibu. Ya tatu ni maneno. Kijana anayepokea wateja alikuwa anamweleza mama mmoja mwenye Toyota IST kwamba betri isiposajiliwa altaneta itaungua. Fundi mkuu alisikia, akaja, akasema kwa upole, "Mama, hilo lako halihitaji. Nunua betri, funga, nenda zako." Nimeipa gereji nyota moja nzima kwa ajili ya sentensi hiyo, lakini kijana yule bado yupo mapokezi, na fundi mkuu hawezi kusikia kila kitu.

Hapa inafaa kusema wazi ni nani anayehitaji huduma hii, kwa kuwa magari mengi yanayopita barabara za Dodoma hayahitaji. Toyota zetu za kila siku zisizojizima zikisimama, kuanzia Vitz na IST hadi Premio, Noah na Land Cruiser, haziulizi jina la betri. Hapo duka la Sabasaba lilikuwa sahihi, na kulipia usajili ni kutupa fedha. BMW za miaka ya karibuni zinahitaji. Audi nyingi na baadhi ya Volkswagen zinahitaji, tena hizo huulizwa namba ya betri, msimbo wa mtengenezaji na namba ya mfululizo, kwa hiyo lebo ya betri isichanwe. Land Rover na Range Rover zenye mfumo wa kufuatilia betri zinahitaji kuambiwa. Ford zenye mfumo kama huo nazo zinastahili kuambiwa, ingawa baadhi yake hujifunza zenyewe zikiachwa zimefungwa na kutulia kwa saa kadhaa. Kundi linalosahaulika ni la magari ya Japani yanayojizima yakisimama: Mazda zenye i-stop, pamoja na Nissan nyingi za mfumo huo, zina kumbukumbu ya umeme uliotumika ambayo hufutwa kwa mashine betri inapobadilishwa, la sivyo mfumo wa kujizima unaweza kubaki umekufa. Betri zake pia zina alama zake, kama M-42, N-55, Q-85 na S-95, na muuzaji anayekupa betri ya kawaida kwa sababu vichwa vinalingana hajakutendea haki.

Fundi anayezunguka majumbani anastahili maneno machache, maana simdharau. Yeye hutumia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na programu ya simu, na alinitajia shilingi 25,000. Kuna wanaodai kwamba usajili wa simu ni wa uongo. Si kweli: ikiwa programu imetengenezwa kwa gari husika, amri inayofika kwenye kompyuta ni ileile, na mwenye BMW anayerudisha betri ya aina na ukubwa uleule uliosajiliwa awali angeweza kumwita yeye, akabaki nyumbani kwake Ilazo au Kisasa akinywa chai. Alichokosa ni uwezo wa kubadilisha ukubwa kutoka 90 kwenda 80, na alikiri mwenyewe. Kama ningemwita bila kujua kilichoandikwa ndani ya gari, angesajili betri ya 80 kama ya 90, na sisi sote tungeagana tukiwa tumeridhika.

Matokeo yalionekana bila kutafutwa. Onyo la Kijapani halijarudi, hata baada ya gari kukaa nyumbani wiki nzima nikiwa Dar es Salaam. Mfumo wa kuzima injini kwenye taa, ambao nilidhani umeharibika au umeondolewa Japani, ulifufuka siku ya pili, ingawa mchana wa Oktoba kiyoyozi kikiwa kimewashwa hukataa kuzima injini, na ni haki yake. Kitu kimoja nilichoelekezwa na fundi ambacho wengi hawakifahamu ni kuhusu kubusti, yaani kuiongezea betri iliyoishiwa umeme kutoka nje: waya wa hasi kutoka gari jingine au kutoka chaja usifungwe moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri bali kwenye bodi au kwenye nguzo iliyotengwa chini ya boneti, ili umeme unaoingia upite kwenye sensa na kuhesabiwa. Anayefunga moja kwa moja huijaza betri kwa siri, na kompyuta hubaki ikiamini kwamba bado ina njaa.

Dhamana ya betri ni ya miezi 12, na kwa mujibu wa kadi yake inatambuliwa tu iwapo betri ilifungwa na kusajiliwa na wao, sharti ambalo linaongeza uzito kwa ombi langu la ripoti ya maandishi, kwa kuwa bila karatasi mteja hana cha kuonyesha zaidi ya picha ya simu. Anayekusudia kwenda apige simu siku moja kabla, ataje modeli ya gari na ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri iliyomo, na aombe betri mpya iwekwe chaji usiku. Jumamosi hufunga mapema, Jumapili hawafungui. Fedha wanapokea taslimu au kwa simu, na bei ya betri chakavu itajwe kabla haijashushwa kwenye buti, kwa sababu ikishafika sakafuni inaanza kushuka thamani.